Farasi wa Wasotho: Mdogo wa kimo aliyelinda uhuru wa taifa

UKIITAZAMA nembo ya taifa la Lesotho, utaona ngao yenye picha ya mamba, na kandokando ya ngao hiyo wamesimama farasi wawili mithili ya walinzi langoni. Mamba yule ana maelezo mepesi: ni alama ya Bakwena, ukoo wa kifalme. Lakini farasi je? Alipataje kupewa heshima kubwa kiasi hicho na taifa ambalo mababu zake hawakumjua mnyama huyo hadi miaka 200 hivi iliyopita?

Jibu la swali hili ni mojawapo ya visa vya kuvutia mno katika historia ya ufugaji barani Afrika. Ni kisa cha mnyama wa kigeni aliyepelekwa milimani, akafinyangwa na baridi, njaa na mawe hadi akawa wa kienyeji. Akawabeba waliomfuga katika vita vya kulinda ardhi yao. Kisha akakaribia kutoweka kwa sababu ya sifa zake mwenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Farasi wa Wasotho alijiuza kwa uzuri wake, na kuuzwa huko ndiko kulikokaribia kummaliza.

Kabla ya kusonga mbele, tufafanue istilahi. Wenyeji wa Lesotho hujiita Basotho, nasi katika makala haya tutawaita Wasotho kwa kufuata kanuni za Kiswahili. Farasi wao hujulikana ulimwenguni kama poni, jina wanalopewa farasi wafupi. Kwa kawaida, farasi asiyezidi takriban sentimita 147, akipimwa kutoka ardhini hadi kwenye nundu ndogo iliyo kati ya mabega yake, huhesabiwa kuwa poni. Hata hivyo, farasi wa Wasotho si mfupi kwa asili ya damu yake. Wazazi wake wa kale walikuwa farasi wa kawaida. Ufupi wake ni alama aliyoachiwa na mazingira.

Nchi iliyo juu ya nyingine zote

Lesotho imezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Eneo lake ni kilomita mraba zipatazo 30,000 tu, lakini ina sifa moja isiyopatikana katika nchi nyingine yoyote duniani: ardhi yake yote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya chini kabisa ya nchi hiyo iko mita 1,400 hivi, na kutoka hapo ardhi hupanda hadi kilele cha Thabana Ntlenyana chenye mita 3,482, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote kusini mwa Afrika.

Msomaji aliyezoea baridi ya Limuru au Nyahururu mwezi wa Julai asidhani kwamba anaijua baridi ya milima ya Maloti. Kule Lesotho, ambako kipupwe huja kati ya Juni na Agosti, theluji hufunika malisho, mito midogo huganda, na nyasi zilizosalia hukauka zikawa kama makapi. Mfugaji wa kawaida hana zizi lenye paa la kumhifadhi farasi wake, wala hana gunia la nafaka la kumlisha kila jioni. Kwa muda mrefu desturi imekuwa kuwapeleka mifugo nyanda za juu wakati wa kiangazi, kwenye kambi za wachungaji ziitwazo motebo, na kuwateremsha mabondeni baridi inapokaza. Huko juu farasi hujitafutia chakula, hujikinga upepo nyuma ya majabali, na hujifunza mahali pa kukanyaga.

Katika mazingira kama hayo, farasi mkubwa mwenye kula sana hupata taabu. Mwenye kwato laini huchechemea na kuachwa nyuma. Mwenye hofu huanguka gengeni. Waliobaki na kuzaa walikuwa wale wenye mwili mdogo unaotosheka na chakula haba, mapafu yaliyozoea hewa nyepesi ya mwinuko, na kwato ngumu kama gumegume. Hivyo ndivyo kizazi baada ya kizazi mlima ulivyochagua farasi wake.

Umbo na mwendo wake

Mtu anayemwona farasi huyu kwa mara ya kwanza huenda asivutiwe. Hana madaha ya farasi wa mashindano wanaoonekana katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi. Kichwa chake ni kizito kidogo, shingo yake ni ndefu, bega limesimama wima na mgongo ni mrefu kiasi. Rangi yake huweza kuwa ya hudhurungi, ya kahawia, nyeusi au ya kijivu. Wakati wa kipupwe manyoya yake huwa marefu na mazito, na kumfanya aonekane kama mnyama asiyetunzwa.

Lakini usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Thamani ya farasi huyu haionekani akiwa amesimama. Huonekana anapoteremka mteremko wa changarawe huku amebeba mtu mzima na magunia mawili ya unga, akiuweka kila mguu mahali pake bila kuteleza. Wengi wao hutembea maisha yao yote bila kupigiliwa viatu vya chuma. Wapanda farasi wenye uzoefu wa njia hizo humwachia mnyama hatamu na kumruhusu achague njia mwenyewe, maana wanajua kwamba macho yake na kwato zake zinaifahamu njia kuliko wao.

Sifa yake nyingine ni mwendo. Kiswahili cha pwani, kutokana na jadi ya kupanda punda, kina msamiati mzuri wa mambo haya. Mnyama huweza kwenda matiti, yaani ule mwendo wa kudundadunda unaomrusha mpandaji juu na chini. Huweza kwenda shoti, yaani kukimbia kwa kasi yake yote. Na huweza kwenda telki, ule mwendo wa haraka ulio laini ambao haumtikisi mpandaji. Farasi wa Wasotho wengi wana kipawa cha mwendo unaokaribiana na telki. Kila mguu hugusa ardhi kwa zamu yake, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, na kwa kuwa hakuna wakati ambapo mwili wote unarushwa hewani, mpandaji hukaa kitako kana kwamba yuko kitini. Kwa mtu anayesafiri kutwa nzima kutoka kijijini hadi dukani au zahanati, mwendo huo ni bora kuliko kasi.

Kutoka Java hadi Rasi

Wazazi wa farasi huyu walifika kusini mwa Afrika kwa njia ya bahari. Waholanzi walipoanzisha kituo chao katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka wa 1652, hawakukuta farasi hata mmoja. Mwaka uliofuata, 1653, waliletwa farasi wanne kutoka kisiwa cha Java, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Farasi hao wa Java walikuwa wadogo, wenye mchanganyiko wa damu ya mashariki na ya Kiarabu. Baadaye waliongezwa farasi kutoka Uajemi, na kufikia mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, farasi wa mbio kutoka Uingereza. Kutokana na mchanganyiko huo alizaliwa farasi aliyeitwa farasi wa Rasi, aliyepata sifa kwa uvumilivu hata akawa akiuzwa kwa jeshi la Uingereza lililokuwa India.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini farasi wasingeteremka wenyewe kutoka kaskazini mwa Afrika, ambako walijulikana tangu enzi za Misri ya kale, hadi kusini? Walifika Ethiopia na maeneo ya Sahel, na hapa kwetu Waborana wa kaskazini mwa Kenya walikuwa na farasi wao. Lakini kusini zaidi walizuiwa na maadui wawili wasioonekana kwa urahisi. Wa kwanza ni mbung'o, anayeeneza ugonjwa wa nagana. Wa pili ni maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayosababishwa na virusi na kuenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaoruka usiku katika maeneo yenye joto na unyevu. Pundamilia huambukizwa virusi hivyo bila kudhurika sana, ilhali farasi asiye na kinga huweza kufa katika siku chache. Katika koloni la Rasi pekee, mlipuko wa mwaka wa 1854 na 1855 uliua takriban farasi 70,000.

Hapo ndipo milima ya Wasotho ilipokuwa na baraka iliyojificha. Usubi haupendi jalidi. Katika nyanda za juu zenye baridi kali, maradhi hayo hayakupata nafasi ya kutamba kama yalivyotamba mabondeni. Baridi ile ile iliyomtesa farasi ndiyo iliyomkinga.

Moshoeshoe apanda farasi

Mwanzoni mwa karne ya 19 eneo hilo lilikumbwa na misukosuko mikubwa ya vita, njaa na watu kuhamahama. Katikati ya misukosuko hiyo aliinuka kiongozi mmoja aliyeitwa Moshoeshoe. Mwaka wa 1824 aliwahamisha watu wake hadi Thaba-Bosiu, mlima wenye kilele bapa na kuta za mawe, ambao ulikuwa rahisi kuulinda na mgumu kuupanda. Wakimbizi wa koo mbalimbali walimfuata huko, naye akawapokea, akawapa mifugo ya kutunza, na hatua kwa hatua akaunda taifa.

Lakini kilele cha mlima hakikutosha. Kutoka magharibi walikuja Wakorana na Wagriqua, makundi yaliyokuwa na vitu viwili ambavyo Wasotho hawakuwa navyo: bunduki na farasi. Waliwashambulia watu alfajiri, wakaswaga ng'ombe na kutoweka kabla ya askari wa miguu kujipanga. Moshoeshoe alitambua upesi kwamba anayekwenda kwa miguu hawezi kumkimbiza anayekwenda kwa farasi.

Simulizi zinasema kwamba farasi wake wa kwanza alitoka kwa Moorosi, chifu wa Baphuthi, mwishoni mwa miaka ya 1820. Wakati huo Moshoeshoe alikuwa mtu mzima aliyepita miaka 40, umri ambao wengi huona aibu kuanza kujifunza jambo jipya mbele ya vijana. Yeye alijifunza, na watu wake wakamfuata. Wasotho walipata farasi kwa njia nyingi: wengine walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya Rasi na kurudi na farasi badala ya mshahara, wengine walibadilishana nafaka na ng'ombe, na wengine, hakuna haja ya kuficha, waliwateka kutoka kwa maadui. Bonde la mto Mohokare, ambao Wazungu huuita Caledon, lilikuwa na rutuba, na nafaka yake ilitafutwa na majirani. Mtama na ngano za Wasotho zikageuka kuwa farasi na bunduki.

Hata jina la mnyama huyo lina alama ya safari yake. Wasotho humwita pere, neno lililotokana na lugha ya makaburu. Kwetu tunasema farasi, neno tulilopata kwa Waarabu. Kila lugha ilimpa mnyama huyu jina la mlango alioingilia.

Siku ya Berea

Matunda ya uamuzi wa Moshoeshoe yalionekana tarehe 20 Desemba, 1852. Gavana wa Rasi, Jenerali George Cathcart, alikuwa amewasili na jeshi lake akidai Wasotho walipe ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 katika muda wa siku tatu, kama fidia ya mifugo iliyodaiwa kuibwa. Moshoeshoe alipeleka ng'ombe 3,500. Gavana hakuridhika, akaamuru askari wake wavuke mto na kupanda mlima wa Berea kuwakamata ng'ombe wenyewe.

Tazama pia kwamba katika madai hayo farasi walitajwa waziwazi. Waingereza hawakutaka mali tu; walitaka pia kupunguza nguvu ya Wasotho ya kupigana.

Askari waliopanda mlima walifanikiwa kukusanya maelfu ya ng'ombe. Lakini walipokuwa wakihangaika kuwateremsha, wapanda farasi wa Kisotho wakajitokeza. Askari wa Uingereza zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao wakiwa wapanda farasi wenye mikuki. Jioni, kikosi cha Cathcart mwenyewe kilijikuta kikikabiliwa na maelfu ya Wasotho juu ya farasi, wakisonga mbele, wakipiga risasi na kurudi nyuma, katika ardhi waliyoijua kila jiwe.

Usiku huo Moshoeshoe alifanya jambo lililowashangaza wengi. Badala ya kujigamba, alimwandikia gavana barua ya unyenyekevu, akikiri nguvu ya Uingereza na kuomba amani. Cathcart, aliyekuwa ameona alichokiona, aliikubali na kuondoka na jeshi lake. Hapo tunaona mambo mawili yakifanya kazi pamoja. Farasi walimpa gavana sababu ya kutaka kuondoka, nayo barua ikampa njia ya kuondoka bila aibu.

Baadaye vita dhidi ya Makaburu wa Orange Free State, mwaka wa 1858 na kuanzia 1865 hadi 1868, viliwanyang'anya Wasotho sehemu kubwa ya ardhi yao bora magharibi mwa Mohokare. Moshoeshoe aliomba hifadhi ya Uingereza, akaipata mwaka wa 1868, na akafariki mwaka wa 1870. Watu wake walisukumwa zaidi kuelekea milimani, na farasi wao wakaenda nao. Tunaweza kusema kwamba kupotea kwa mabonde ndiko kulikomkamilisha farasi wa Wasotho. Malisho mapana yalibaki mikononi mwa wengine. Yeye akabaki na mawe.

Ushahidi wa ukamilifu huo ulikuja mwaka wa 1880, serikali ya Rasi, ambayo wakati huo ndiyo iliyoitawala nchi hiyo, ilipowaamuru Wasotho wasalimishe bunduki zao. Walikataa. Vita vilivyofuata, vinavyojulikana kama Vita vya Bunduki, vilidumu hadi mwaka wa 1881. Wapanda farasi wa Kisotho walivizia misafara, wakashambulia na kutoweka mabondeni, na serikali ya Rasi ikashindwa kutekeleza amri yake. Mwaka wa 1884 iliirudisha nchi hiyo chini ya utawala wa moja kwa moja wa Uingereza. Tukio hilo lina uzito mkubwa, kwa kuwa Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka wa 1910, Lesotho haikuwa sehemu yake. Ilibaki peke yake hadi ilipojipatia uhuru tarehe 4 Oktoba, 1966. Bila shaka diplomasia ya Moshoeshoe na ugumu wa milima ulichangia pakubwa. Lakini ni vigumu kuisimulia historia hiyo bila kumtaja farasi.

Kizuri chajiuza

Mwaka wa 1899 vilizuka vita kati ya Waingereza na Makaburu, vilivyoendelea hadi 1902. Vilikuwa vita vya masafa marefu, na vilikula farasi kama moto unavyokula nyasi kavu. Jeshi la Uingereza lilitumia zaidi ya farasi 500,000, na takriban 326,000 kati yao walikufa. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikuwa farasi wakubwa walioletwa kwa meli kutoka mbali, waliozoea nafaka na mazizi, na walipofikishwa kwenye nyika za Afrika Kusini bila muda wa kupumzika walidhoofika na kuanguka njiani.

Hapo macho ya wanunuzi wa jeshi yakageukia milimani. Walihitaji mnyama anayekula nyasi za porini, asiyehitaji viatu vya chuma, aliyezoea hali ya hewa ya kusini mwa Afrika, na anayeweza kubeba askari siku baada ya siku. Mnyama huyo alikuwapo Lesotho, na maelfu kwa maelfu wakanunuliwa.

Kwa mfugaji mmoja mmoja, biashara hiyo ilikuwa neema. Bei zilikuwa nzuri na fedha taslimu zilikuwa adimu. Lakini tafakari jinsi soko la namna hiyo linavyofanya kazi. Mnunuzi hachukui farasi kilema, hachukui mgonjwa, hachukui mwenye kifua chembamba. Huchukua bora. Anayebaki nyumbani kuzaa kizazi kijacho ni yule ambaye mnunuzi amemkataa. Mlima ulikuwa umetumia zaidi ya nusu karne kuwachuja wanyonge na kuwabakiza wenye nguvu. Soko la vita, katika miaka mitatu, lilifanya kinyume chake.

Pigo hilo halikuja peke yake. Ukame mkubwa wa miaka ya 1932 na 1933 uliua mifugo mingi. Idadi ya watu na ng'ombe iliongezeka, malisho yakaliwa hadi mizizi, na mvua zikachimba makorongo makubwa ambayo mpaka leo ni kovu katika ardhi ya Lesotho. Aidha, kila mara lilipozuka wazo la kumwinua farasi wa kienyeji, dawa iliyopendekezwa ilikuwa kumleta farasi dume wa kigeni, mrefu na mwenye sura nzuri. Watoto waliozaliwa walikuwa warefu zaidi, lakini walihitaji chakula zaidi, na kwato zao hazikuwa zile za mlimani.

Juhudi za kumwokoa

Jaribio la kwanza kubwa la kuihifadhi damu hiyo lilifanyika nje ya mipaka ya Lesotho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Idara ya Kilimo ya Afrika Kusini ilikusanya farasi wa asili ya Kisotho katika kituo cha utafiti cha Nooitgedacht, karibu na mji wa Ermelo, na kuanza kuwazalisha kwa mpango, wakichanganywa na farasi wa Kiarabu na wa Kikaburu. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana aina mpya ya farasi inayoitwa Nooitgedacht. Wana uvumilivu mwingi wa wazazi wao wa milimani, lakini ni aina nyingine, na makao yao ni mengine.

Lesotho yenyewe ilianza kazi hiyo katika miaka ya 1970, ikisaidiwa na Ireland, nchi ambayo nayo ina farasi mdogo wa kienyeji, yule wa Connemara, aliyelelewa na upepo wa bahari na ardhi ya mawe. Kilianzishwa kituo cha taifa cha kuzalisha farasi bora, na pia kituo cha kuwapeleka watalii safari za farasi mahali paitwapo Molimo Nthuse, mashariki mwa mji mkuu wa Maseru. Jina hilo maana yake ni "Mungu nisaidie", na yeyote aliyewahi kuipanda njia hiyo ya mlimani anaelewa sababu ya kuitwa hivyo.

Wazo la safari za watalii lilikuwa na hekima ndani yake. Mnyama wa kienyeji hahifadhiki kwa hotuba. Huhifadhika pale mwenye kumfuga anapopata riziki kutokana naye. Leo, katika maeneo kama Semonkong, karibu na maporomoko ya Maletsunyane yenye urefu wa mita 192, na Malealea upande wa magharibi, wanavijiji huwakodishia wageni farasi wao na kuwaongoza milimani. Farasi anayeteleza hamletei mwenyewe mteja wa pili. Kwa hiyo utulivu na uthabiti wa mguu umerudi kuwa na bei.

Barabara, mbio na wezi

Je, hali yake ikoje siku hizi? Katika vijiji vingi vya milimani farasi bado ni gari, baiskeli na punda wa mizigo kwa pamoja. Huwabeba wagonjwa, hupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, na huwapeleka wachungaji kwenye kambi zao. Si ajabu kumwona mzee aliyejifunga blanketi zito la Kisotho, vazi ambalo limekuwa kitambulisho cha taifa hilo, akipita barabarani juu ya farasi wake huku magari yakimpisha.

Hata hivyo, changamoto zipo. Mradi mkubwa wa maji wa nyanda za juu, uliotokana na mkataba wa mwaka wa 1986 kati ya Lesotho na Afrika Kusini, ulileta mabwawa kama lile la Katse na pamoja nayo barabara zilizopenya milimani. Barabara ni maendeleo, na hakuna anayeweza kumlaumu mama mjamzito kwa kupanda gari badala ya farasi. Lakini kila barabara mpya hupunguza sababu ya kumfuga mnyama anayejua kuteremka genge.

Mashindano ya mbio, ambayo Wasotho huyapenda mno, nayo yana pande mbili. Huwafanya vijana wajivunie farasi na kuwatunza. Lakini mbio za mwendo mfupi hutuza kasi, na kasi hupatikana upesi kwa kuchanganya damu na farasi wa mbio kutoka nje. Mshindi wa leo uwanjani anaweza kuwa baba wa farasi atakayeshindwa na kipupwe cha mlimani. Juu ya hayo kuna wezi wa mifugo, ambao huwavusha wanyama mipaka usiku na kuwavunja moyo wafugaji wanaotaka kuwekeza katika farasi bora.

Funzo kwetu Wakenya

Huenda msomaji wa Kajiado au Narok akaona kwamba kisa hiki cha mbali hakimhusu. Kinamhusu sana. Hapa nchini tuna kondoo mwekundu wa Kimaasai, mnyama ambaye naye alichujwa na mazingira kwa vizazi vingi. Utafiti, ukiwamo wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) yenye makao yake makuu Nairobi, umeonyesha kwamba kondoo huyo huvumilia minyoo ya tumbo kuliko Dorper, kondoo wa Afrika Kusini anayependwa kwa ukubwa wake. Dorper alipoletwa nchini, wafugaji wengi walipandisha kondoo wao wekundu kwa madume ya Dorper bila mpango, kwa kuwa mwana-kondoo mkubwa huleta bei kubwa sokoni. Matokeo yake ni kwamba leo si rahisi kumpata kondoo mwekundu wa Kimaasai aliye safi katika maeneo alikokuwa akipatikana kwa wingi.

Si kwamba mfugaji alikosea kutaka bei nzuri. Msotho aliyemuuza farasi wake kwa jeshi mwaka wa 1900 naye alikuwa na watoto wa kulisha. Kosa huwa katika kuuza au kuchanganya wote bila kubakiza mbegu. Makundi machache yakihifadhiwa safi, na wanaoyahifadhi wakilipwa kwa kazi hiyo, soko linaweza kuendelea bila kuimaliza akiba. Yakiisha, hakuna maabara wala kituo cha serikali kinachoweza kuirudia kwa miaka michache kazi iliyofanywa na mlima, ukame na magonjwa kwa karne nzima na zaidi.

Ndiyo maana wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Wasotho waliuona ukweli wa usemi huo kwa gharama kubwa, na bado wanahangaika kurudisha walichopoteza. Wale farasi wawili wamebaki imara katika nembo ya taifa lao. Mbegu ya wale wa milimani itabaki iwapo mfugaji wa Semonkong ataendelea kuona faida ya kumfuga farasi mfupi, mwenye kichwa kizito na manyoya marefu, ambaye anaijua njia ya kwenda nyumbani hata theluji inapoifunika.